"Homa ya Nyani" au Mpoksi?

Istilahi "homa ya nyani" inapotosha. Wanyama wa maabara ambamo virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1958, nchini Denmark, walikuwa kima, si nyani. Tena, katika milipuko ya tangu mwaka 2022, ugonjwa umeenea hasa baina ya watu: kwa kugusana ngozi yenye malengelenge, au kutumia shuka na taulo za mgonjwa. Anayejihadhari na nyani tu hajakingika. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jina lisilotaja mnyama; kwa Kiswahili twaweza kuandika mpoksi. Aidha, mfasiri aeleze kinga waziwazi: mikono ioshwe kwa sabuni, na mgonjwa atengwe hadi vigaga vidondoke na ngozi mpya iote.