Kutoka Bandari hadi Bandari: Saa Chache za Abiria wa Meli ya Kitalii Mjini Mombasa

Meli ya kitalii ni chombo ambacho abiria wake hawasafiri kwa nia ya kufika mahali pamoja na kushuka, bali huishi humo kwa siku au wiki kadhaa huku ikiwazungusha kutoka bandari moja hadi nyingine, aghalabu ikisafiri usiku na kutia nanga mchana. Kwa sababu hiyo mji wowote ulio katika ratiba yake humfikia msafiri kwa kipande kidogo tu: huamka asubuhi akaukuta mbele ya dirisha, na kabla ya Isha huwa umekwisha kuachwa nyuma. Katika pwani ya Afrika Mashariki meli hizi huonekana zaidi kati ya Novemba na Aprili, miezi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya upepo wa kaskazi, nazo hupita Mombasa, Lamu, Unguja au Dar es Salaam katika safari zinazogusa pia Ushelisheli, Madagaska na Afrika Kusini. Ni miezi ile ile ambayo majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuwa yakiwasili hapa tangu zamani, isipokuwa kwamba mabaharia wa majahazi walilazimika kungoja upepo wa kusi ndipo warudi kwao, hivyo wakakaa mjini kwa miezi, wakafanya biashara na hata kuoa. Abiria wa leo hana nafasi hiyo.

Saa zinazoandikwa katika ratiba, tena, si saa anazozipata. Meli ikipangiwa kufika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni, hesabu ya haraka hutoa saa 10. Lakini baada ya meli kufungwa gatini hakuna anayeruhusiwa kushuka mpaka maofisa wa uhamiaji, forodha na afya ya bandari waridhike na kuipa kibali, kazi ambayo, ikichanganywa na foleni ya mamia ya watu wanaotaka kushuka kwa wakati mmoja, inaweza kula saa nzima au zaidi. Upande wa pili wa siku, abiria hutakiwa wawe wamerudi melini nusu saa hadi saa moja kabla ya meli kung'oa nanga, na mwenye busara hujiwekea saa nyingine moja ya akiba kwa ajili ya pancha, mvua au msongamano wa magari. Kinachobaki ni saa 6 au 7. Hata hizo hazina faida sawa, kwa kuwa kati ya saa sita na saa tisa mchana, hasa Januari hadi Machi, jua la Mombasa huwa kali kiasi cha kumfanya mgeni mwenye umri mkubwa, na wengi wa abiria wa meli hizi ni wastaafu, atafute kivuli kabla ya kutafuta historia.

Mombasa ina nafuu moja ambayo bandari zisizo na kina cha kutosha hazina: meli kubwa hufunga gatini katika bandari ya Kilindini, kwa hiyo abiria hushuka kwa ngazi hadi nchi kavu badala ya kusubiri zamu ya mashua ndogo za kuwavusha kutoka melini. Hata hivyo mji huu una tabia ambayo humwadhibu haraka asiyeijua, nayo ni kwamba kitovu chake ni kisiwa. Anayetaka kutoka kisiwani hana budi kupita katika mojawapo ya milango michache: daraja la Nyali upande wa kaskazini, njia ya Makupa upande wa magharibi, ambako malori ya Nairobi hupanga foleni, au kivuko cha Likoni upande wa kusini, ambacho huwa hakina ratiba ya kutegemewa na mtu anayesubiriwa na meli. Mlango mmoja ukiziba, siku imekwisha. Ndani ya kisiwa, kwa upande mwingine, masafa ni mafupi mno: kutoka Kilindini hadi Mji wa Kale ni kilomita 3 au 4 hivi, mwendo ambao tuktuk, yaani kile chombo cha magurudumu matatu kinachobeba abiria watatu, huumaliza kwa dakika chache barabara ikiwa wazi. Ushauri ulio wa msingi kuliko yote, kwa hiyo, ni kukikata kisiwa mara moja kutoka magharibi hadi mashariki, kutoka bandari mpya hadi bandari ya kale, kisha kurudi polepole.

Sababu ya mji mmoja kuwa na bandari mbili inafaa kueleweka mapema, kwa kuwa huufanya mji mzima usomeke kwa urahisi. Mkondo wa bahari unaopita mashariki ya kisiwa ulivifaa vyombo vya tanga, na kando yake ndiko mji ulikoota. Lakini ujenzi wa reli ulipoanza mwaka 1896 na meli za mvuke zikazidi ukubwa, shughuli zilihamia Kilindini, ambako kina ni kikubwa zaidi. Barabara ya Moi, ambayo zamani iliitwa barabara ya Kilindini, iliunganisha pande hizo mbili, na juu yake yamesimama yale mapembe makubwa ya bati yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa heshima ya ugeni wa familia ya kifalme ya Uingereza. Kila mgeni hupigwa picha chini yake. Dakika 5 zinatosha, na pengine ni nyingi.

Mahali panapostahili muda mrefu ni Ngome ya Yesu, inayojulikana zaidi kwa jina la Fort Jesus, na afadhali msafiri aifikie asubuhi kabla mawe hayajapata moto. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitalia aliyekuwa katika utumishi wao, naye akaichora ili ikitazamwa kutoka juu ifanane na umbo la mwili wa mtu, kufuatana na fikra za wasanifu wa Ulaya wa zama zile. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na kona zake zilizochomoza zilipangwa ili kila ukuta uweze kulindwa kwa mizinga iliyo katika kona ya jirani, jambo ambalo mgeni akielezwa akiwa amesimama juu ya boma lenyewe hulielewa mara moja.

Historia ya ngome hii haikuwa ya Wareno peke yao. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mtawala wa Mombasa ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza jina la Jerónimo, aliwaasi, akamuua kapteni wao na kuitwaa. Wareno walirudi baadaye, lakini kuanzia Machi 1696 wakazingirwa na majeshi ya Oman kwa muda wa miezi 33, na waliokuwa ndani waliuawa zaidi na njaa na maradhi kuliko silaha. Meli ya Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Baadhi ya vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970 vimewekwa katika makumbusho ya humo ndani, na ni hasara kwa mgeni kuvipita mbio ili akawahi kununua kinyago. Ngome ilianguka Desemba 1698. Baada ya hapo ilipita mikononi mwa watawala mbalimbali, Waingereza wakaigeuza jela tangu 1895, ikawa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandikisha katika orodha ya Urithi wa Dunia. Saa moja na nusu ndani yake si nyingi.

Ukitoka ngomeni, Mji wa Kale unaanzia hapo hapo, na hapa kazi ya msafiri ni kutembea kwa miguu. Barabara ya Mbarak Hinawy na ile ya Ndia Kuu zinatosha kumwonyesha milango ya kuchongwa, roshani za mbao zinazoning'inia juu ya njia, baraza za kukalia, na msikiti wa Mandhry, ambao kwa mapokeo umejengwa mwaka 1570 na ambao mnara wake mweupe huonekana ghafla mtu anapokata kona. Njia hiyo humfikisha kwenye bandari ya kale, ambako vyombo vidogo bado hupakia na kupakua. Mji huu si jumba la maonyesho, kwa kuwa watu wamo humo wakiishi, wakianika nguo na kusomesha watoto. Kwa hiyo kumpiga picha mama mwenye buibui bila kumwomba ruhusa ni utovu wa adabu, na kuingia msikitini kwa kaptula ni zaidi ya hapo. Meli inapofika siku ya Ijumaa, maduka mengi ya mtaani hufungwa kwa ajili ya sala ya adhuhuri, na katika mwezi wa Ramadhani mgeni asitarajie kupata chakula mchana katika migahawa ya mitaa hiyo. Mwongozaji mzuri huyajua hayo na kuipanga siku kwa kuyafuata. Anafaa awe na leseni, na malipo yake yakubaliwe kabla ya hatua ya kwanza, kwa saa na si kwa duka, kwa maana wapo wanaoongoza wageni bure huku wakilipwa na wenye maduka, na ziara ya namna hiyo haina historia ndani yake.

Chakula ndicho ambacho abiria wengi hukikosa kwa hiari yao, kwa kuwa wamekwisha kulipia milo yote melini na huona uchungu kulipa tena. Hilo ni kosa, na linaugusa pia mji, ambao hubaki na faida ndogo kutoka kwa wageni wanaoshuka wameshiba. Mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi karai vyenye ukwaju, dafu la barafu, kahawa chungu na kipande cha halua: vyote hivyo hugharimu kiasi kidogo na huhitaji noti ndogo za shilingi zaidi ya dola. Katika soko la Marikiti hupatikana viungo vya pilau na achari, na hatua chache kutoka hapo, katika mtaa wa Biashara, zipo leso, bidhaa nyepesi kubeba na iliyo ya Mombasa kwa haki kuliko vinyago vingi vinavyofanana katika kila bandari. Simbi na matumbawe yaachwe baharini, na mfuko wa plastiki usishushwe kutoka melini, kwa kuwa Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo tangu Agosti 2017.

Suala la saa linahitaji uangalifu wa pekee. Ushelisheli iko saa moja mbele ya Kenya, na nahodha anayetoka huko anaweza kuamua saa za meli zisibadilishwe. Abiria anayefuata saa ya simu yake, ambayo hujirekebisha yenyewe kwa mtandao wa Mombasa, atajikuta amechelewa kwa saa nzima huku akijiona yumo ndani ya wakati. Mgeni asiyezijua saa za Kiswahili, naye, afafanuliwe na dereva wake kwamba saa tisa ya alasiri ni 15:00 ya saa yake, maana kosa hilo limekwisha kuwagharimu wengi. Meli haisubiri, na hilo si roho mbaya: rubani wa bandari, ambaye kazi yake ni kuiongoza meli kupita katika mkondo mwembamba wa Likoni, huwa ameagizwa kwa saa maalumu, gati lina meli nyingine inayolingoja, na bandari ya kesho imekwisha kupangwa. Husubiriwa tu, kwa kawaida, kundi lililo katika ziara iliyouzwa na meli yenyewe. Aliyejitembeza peke yake akichelewa, wakala wa meli, yaani kampuni inayoiwakilisha bandarini, humsaidia kwa taratibu, lakini nauli ya kuifuata meli hadi bandari inayofuata hutoka mfukoni mwake.

Limebaki swali ambalo wageni huuliza kabla ya yote, nalo ni la wanyama. Hifadhi ya Tsavo Mashariki huuzwa sana kwa abiria wa meli, na katika karatasi inaonekana karibu: lango la Bachuma liko kama kilomita 100 kutoka Mombasa. Lakini barabara yake ni ile ile ya malori ya Nairobi, na kwenda na kurudi kunaweza kumeza saa 4 au 5, hivyo mgeni huingia hifadhini jua likiwa utosini, wakati ambao wanyama wengi wamejilaza vivulini, akakimbizwa kwa saa mbili na kurejeshwa akiwa na wasiwasi wa saa. Vilima vya Shimba, makao ya palahala, viko karibu zaidi, ila njia iliyozoeleka hupita Likoni. Kwa anayetaka wanyama bila kuihatarisha safari yake, Haller Park iliyoko Bamburi ndiyo chaguo la busara: ni shimo la machimbo ya kiwanda cha saruji ambalo René Haller alianza kulipanda mivinje mwaka 1971 mpaka likawa msitu, nalo lina twiga, viboko na kobe wakubwa, na linahitaji kuvuka daraja la Nyali tu. Tsavo yenyewe ni ya mtu aliyekuja Mombasa na kupanga kulala nchi kavu usiku mmoja au miwili. Mwenye saa 6 na aiache.