Kitu Kidogo kwa Maana Yake ya Asili

Neno hili "kitu kidogo" limekwisha kuchafuliwa jina. Likitamkwa kando ya barabara mbele ya askari polisi, watu hukonyezana, na mwenye gari hupeleka mkono mfukoni. Hata chai, kinywaji cha heshima ambacho mgeni hukaribishwa nacho, imeburutwa katika tope lile lile. Mwandishi wa makala haya anaomba ruhusa ya kulirudisha neno hilo katika maana yake ya asili, walau kwa muda wa kuusoma ukurasa huu. Vitu vidogo vinavyozungumzwa hapa ni vile visivyonunuliwa kwa hongo wala kutajwa katika barua ya kupandishwa cheo: soksi kavu baada ya mvua ya usiku kucha, mchuzi uliokolea chumvi, kivuli cha mti mmoja katika nchi isiyo na miti, sauti ya mtu wa kwenu ikitokea gizani pale ulipokuwa umejiandaa kwa sauti ya adui.

Askari ana furaha zake kubwa, nazo zinajulikana: siku ya kupandishwa cheo, siku ya kuvishwa nishani, siku ya kuanza likizo. Furaha hizo zina tarehe, zina gwaride na zina bendi. Lakini mkalishe askari mstaafu kivulini, umpe kiti na umwache aseme atakalo. Atapita mbio juu ya nishani kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa, kisha atakaa nusu saa nzima akisimulia habari za embe moja aliloliokota njiani, mahali ambapo hapakutazamiwa kuwa na mwembe. Atakuonyesha kwa mikono ukubwa wa embe lile. Ukimwuliza nishani aliipata mwaka gani, itambidi amwulize mkewe.

Jambo hili wataalamu wamelitafutia chanzo. Katika miaka ya 1980 na 1990, Wolfram Schultz, mtaalamu wa ubongo aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Fribourg nchini Uswisi, aliwachunguza kima kwa kupima chembe za ubongo zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Kima alipodondoshewa tone la maji ya matunda bila kulitazamia, chembe zile zilichachamaa. Alipokwisha kujifunza kwamba ishara fulani hutangulia tone, zilichachamaa kwa ishara, na tone lenyewe lilipofika hazikushtuka tena. Na ishara ilipotolewa kisha tone lisije, zilinyamaza kuliko hata hali yake ya kawaida. Wataalamu wenyewe wanatuonya tusiseme kwamba dopamini ndiyo furaha. Hata hivyo, askari yeyote anayengoja mshahara ataitambua habari hiyo. Mshahara ukifika siku yake hakuna anayeruka. Ukichelewa siku mbili, kambi nzima hununa. Bali noti ya zamani iliyosahauliwa katika mfuko wa koti la mvua humfanya mtu mzima aimbe.

Kwa sababu hiyo kitu kile kile huweza kuwa karaha kwa mmoja na neema kwa mwingine. Chukua mlio wa alfajiri. Sijamwona kuruta aliyeipenda tarumbeta inayomwondoa kitandani. Lakini asubuhi ya tarehe 20 Mei 1916, watu watatu waliochoka kupita kiasi, juu ya milima ya theluji ya kisiwa cha South Georgia, kusini kabisa mwa bahari ya Atlantiki, walitega sikio kuingoja firimbi ya kiwanda kama washitakiwa wanaongoja hukumu. Walikuwa Ernest Shackleton, Frank Worsley na Tom Crean. Meli yao, Endurance, ilikuwa imebanwa na barafu hata ikavunjika na kuzama mwaka 1915. Wao na wenzao waliishi miezi mingi juu ya barafu inayoelea. Kisha watu sita wakavuka bahari ya dhoruba katika mashua yenye urefu wa mita 7 hivi. Na sasa hawa watatu walikuwa wakikikata kisiwa kwa miguu, bila hema. Walijua kwamba saa moja asubuhi kiwanda cha kuchakata nyangumi cha Stromness kingewaita wafanyakazi wake kazini. Waliitazama saa yao. Dakika zikapita. Saa moja ilipotimia, mlio ukaja.

Ilikuwa sauti ya kwanza iliyotoka kwa watu wengine kuwafikia tangu mwezi Desemba 1914. Kwa mlio ule walijua kwamba wamepona, na kwamba wenzao 22 waliobaki Elephant Island wangeweza kufuatwa. Nao wote walichukuliwa wakiwa hai mwezi Agosti mwaka huo huo. Huko bondeni, nadhani, wafanyakazi wa kiwanda waliamka wakinung'unika.

Majeshi yaliyajua mambo haya kabla ya wataalamu wa ubongo. Krismasi ya mwaka 1914, askari wa Uingereza waliokuwa katika mahandaki ya Ufaransa waligawiwa vikopo vya shaba vilivyotokana na mchango wa wananchi kwa jina la Binti Mfalme Mary, aliyekuwa msichana wa miaka 17. Ndani mlikuwa na tumbaku na sigara. Asiyevuta alipewa peremende na vifaa vya kuandikia barua. Masingasinga wa jeshi la India, ambao dini yao inawakataza tumbaku, walitiliwa sukari ya mabonge na viungo vya kupikia. Vikopo hivyo sasa vimo katika majumba ya makumbusho na watu huisifu shaba yake. Mimi namsifu mtu asiyejulikana jina, aliyeketi mezani akajiuliza: ni nani hatafurahishwa na sigara? Katika vita hivyo posta ya jeshi la Uingereza ilifikia kupeleka barua zipatazo milioni 12 kwa juma. Vyombo vya uchukuzi vilikuwa haba na risasi zilihitajika. Hata hivyo makamanda hawakuzitupa barua kando ya njia.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii ina mizizi yake. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya King's African Rifles kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland ambayo leo ni Malawi, ilishuka katika bonde la Kabaw nchini Burma wakati wa masika makali ya huko. Malaria ilikuwa adui wa pili, barabara iligeuka uji, na chakula kilidondoshwa kwa ndege. Vitabu vya vita husimulia jinsi divisheni hiyo ilivyoufikia mto Chindwin, na jinsi wahandisi walivyotandika hapo, mwezi Desemba, daraja la vyuma lenye urefu wa mita 350 hivi. Ni kazi ya kustaajabisha, na inastahili kusomwa.

Mzee mmoja wa kijijini kwetu alikuwapo. Nilipokuwa mtoto tulimwuliza habari za Wajapani, naye alijibu kwa ufupi, kama mtu anayelipa kodi. Alichopenda kusimulia ni barua. Aliondoka nyumbani hajui kusoma. Barua zake za kwanza zilisomwa na karani, kwa sauti, mbele ya wenzake, hata maneno ya mkewe aliyastahi kuyasikia. Katika madarasa ya jeshi akajifunza herufi. Siku moja akapewa bahasha, akaenda nayo nyuma ya lori, akaisoma peke yake kwa kidole, neno baada ya neno, muda wa saa nzima. Habari yenyewe ilikuwa kwamba ng'ombe amezaa ndama jike. Mzee yule alikuwa akilitaja neno "jike" kwa namna ambayo siwezi kuiandika.

Leo barua zimekwisha. Askari wa Uganda walipotua Mogadishu mwezi Machi 2007, wakiwa wa kwanza chini ya bendera ya Umoja wa Afrika nchini Somalia, simu ya mkononi ilikwisha kuwa sehemu ya mzigo wa askari. Sauti ya mtoto hufika sasa hivi, nami siwezi kulilaumu jambo hilo. Ila simu huleta pamoja na sauti hiyo karo ya shule, ugomvi wa mpaka wa shamba na mbuzi aliyepotea, tena kila siku, hata mtu akaogopa mlio wake. Barua ilikuwa na adabu ya kuchelewa. Tena ilikunjwa, ikatiwa mfukoni, ikasomwa mara ya kumi.

Sasa niseme na makamanda wenzangu, hasa walio wadogo kwa cheo kama nilivyokuwa. Katika chuo cha maofisa wanafunzi tulinyang'anywa kwanza vitu vidogo, yaani sukari, usingizi na jina, ili tujue uzito wake. Wengine hutoka huko wamejifunza kunyang'anya tu. Nikiwa luteni mpya nilipelekwa kwenye kituo kimoja cha mpakani, ambako mtunza stoo alikuwa akiipunguza sukari ya chai kidogo kidogo. Hakuna aliyegoma. Lakini zamu za ulinzi zilianza kuleta ugomvi, watu walioshirikiana blanketi hawakusemezana, na usiku mmoja askari alimnyoshea mwenzake bunduki kwa ajili ya nafasi ya kukaa karibu na moto. Waliotumwa kuchunguza walitafuta siasa, walitafuta ukabila, walitafuta pombe. Aliyetafuta kwenye sufuria ya chai ni mpishi. Vijiko viwili vya sukari kwa mtu vilikuwa karibu vitugharimu roho.

Kituo kile kile kilikuwa na koplo aliyefiwa na mtoto wakati mvua zimeikata barabara, asiweze kwenda kuzika. Alikaa wiki mbili hasemi ila maneno ya kazi, nasi tulikuwa tukiihesabu risasi yake moja moja kila jioni. Kisha tukamwona akipanda mbegu za nyanya katika kisanduku kitupu cha risasi nyuma ya handaki. Alizimwagilia maji yake ya kunawia. Mche mmoja tu ulishika, na mche huo ukazaa nyanya moja tu iliyoiva kabla ya mbuzi kuufikia. Tulikuwa watu wanane. Aliikata kwa singe juu ya kifuniko cha sufuria, vipande vinane, akavipima kwa macho, akakirekebisha kimoja. Kila mtu alikula kimya. Akaulizwa kama ametunza mbegu, akasema, "Zipo kwenye mfuko wa shati." Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza yasiyo ya kazi.

Na ndugu zetu polisi? Kazi yao ni ngumu kwa namna nyingine, kwa maana askari wa jeshi hukutana na adui, bali polisi hukutana na jirani. Konstebo mmoja wa kizuizi cha barabarani alinisimulia kwamba alisimama juani tangu alfajiri, akatukanwa na madereva wanne, na mchana akapita ajuza na mzigo wa ndizi kichwani. Alimtua mzigo, akausogeza kando ili lori lipite, akamtwika tena. Yule mama akachomoa ndizi mbili akampa. Konstebo, akikumbuka amri zilizobandikwa ukutani kituoni, alikataa. Ajuza akamtazama toka kofia hadi mabuti, akamwuliza ni nani aliyemfundisha kumkatalia mama chakula, akaziweka ndizi juu ya jiwe na kwenda zake.

Konstebo alizila. Alisema hajawahi kula ndizi tamu kama zile, wala hakupata kujua mama yule alitoka kijiji gani. Jioni, alipokabidhi zamu, alifungua kitabu cha matukio na kuandika kwa wino, pamoja na saa na mahali: ndizi mbili, zimepokewa, zimeliwa.