Kujikaza na Kujilaza: Kipimo cha Mgonjwa wa Siku Nyingi

Maisha ya nyanda za juu za Minembwe ni maisha ya miguu. Maji yako bondeni, shamba liko mlimani, ng'ombe wako malishoni. Atokaye Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, hupanda zaidi ya mita 1,200 kabla ya kufika. Tena huku juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi: kila pumzi huleta oksijeni iliyopungua kwa zaidi ya moja ya tano kuliko pwani. Mwenye afya njema aliyezaliwa huku hayatambui hayo. Mgonjwa huyatambua kila asubuhi.

Natuseme basi juu ya mgonjwa wa siku nyingi. Huyu ni yule aliyepona kifua kikuu, lakini mapafu yake yamebaki na makovu. Au mwenye ugonjwa wa moyo, au kisukari, au selimundu, au upungufu wa damu. Homa haipo, dawa anazinywa, lakini uchovu haumwachi. Nyumbani husikia sauti mbili. Moja humwambia, «Jikaze, mama, uvivu ndio unaokuua.» Nyingine humwambia, «Lala, usiguse kitu.» Zote mbili hutoka kwa watu wampendao, na zote mbili zaweza kumdhuru.

Ubishi huo si mgeni, kwa maana matabibu nao walibishana hivyo hivyo. Katika karne ya 19 daktari Hermann Brehmer aliwatunza wagonjwa wa kifua kikuu mahali paitwapo Görbersdorf, ambapo leo ni nchi ya Poland. Aliwaagiza watembee katika njia za mlimani. Peter Dettweiler, ambaye alikuwa mgonjwa wake kabla ya kuwa na hospitali yake mwenyewe huko Falkenstein, aliagiza kinyume: wagonjwa walale katika viti virefu barazani, saa nyingi kila siku. Baadaye, huko Frimley, Uingereza, katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1905, daktari Marcus Paterson alishika njia ya katikati. Mgonjwa alianza kwa kutembea, kisha akabeba kikapu, kisha akashika koleo. Joto la mwili wake lilipimwa daima, na likipanda, kazi ilikatazwa mara moja.

Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu. Dawa hizo zilipopatikana, uchunguzi mkubwa ulianzishwa mjini Madras, nchini India, mwaka 1956. Wagonjwa wengine walilazwa hospitalini wapumzike na kula vizuri. Wengine walinywa dawa zile zile nyumbani kwao, katika umaskini na kazi zao. Matokeo yalitangazwa mwaka 1959: wale wa nyumbani walipona karibu sawasawa na wale wa hospitalini. Hapo ilijulikana kwamba kitanda peke yake si dawa. Mwenye kikohozi kwa majuma mawili au zaidi, anayekonda na kutoka jasho usiku, asijifariji kwa kulala wala asijitibu kwa jembe. Aende kituo cha afya akapimwe makohozi.

Na akiisha kupona, je? Huko Kampala, Uganda, waganga walichukua watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu, wakawafanyisha mazoezi mepesi kwa majuma sita. Habari zilizotolewa mwaka 2017 zasema kwamba walitembea vizuri zaidi kuliko kwanza. Jambo hili halishangazi. Mtu akilala siku nyingi mfululizo, misuli ya miguu hupungua. Misuli ikipungua, kazi ndogo humchosha. Akichoka, hulala tena. Hivyo udhaifu huzaa udhaifu.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kila mchovu afanyishwe mazoezi. Kuna ugonjwa wa uchovu sugu, ambao mara nyingi huanza baada ya homa ya virusi. Mwenye ugonjwa huo akipita kiasi chake, huanguka vibaya. Tena si lazima siku ile ile, bali pengine kesho yake au kesho kutwa. Zamani wengi waliambiwa waongeze mazoezi kidogo kidogo kwa ratiba isiyobadilika. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 taasisi ya Uingereza inayotoa maagizo ya matibabu, iitwayo NICE, iliagiza kwamba wagonjwa hao wasipewe tena mazoezi ya namna hiyo.

Basi twajifunza nini? Twajifunza kwamba mwili wa mgonjwa usihukumiwe kwa kazi aliyoimaliza leo, bali kwa hali yake siku mbili baadaye. Hicho ndicho kipimo, na hakihitaji mashine.

Kwanza, mgonjwa apate ushauri wa mganga, ajue ugonjwa wake ni upi.

Pili, atafute kiasi anachoweza hata katika siku mbaya. Labda ni kufika kwenye ua na kurudi. Labda ni kupalilia mistari miwili ya maharage. Aanzie hapo, si pale alipokuwa kabla ya kuugua.

Tatu, apumzike kabla ya kuishiwa nguvu. Achambue maharage akiwa ameketi. Badala ya bidoni ya lita 20, achukue ya lita 5. Akipanda mlima, aende mwendo wa mtu awezaye kuzungumza; maneno yakikatika, asimame.

Nne, akiona siku mbili zimepita bila kuzidiwa, anaweza kuongeza kidogo. Akizidiwa, arudi nyuma bila aibu. Na kama kila nyongeza humwangusha, aache kuongeza, amwambie mganga.

Mwenye selimundu ajihadhari zaidi, kwa sababu baridi, kiu na kazi ya kukata pumzi huweza kumletea maumivu makali: anywe maji, avae nguo nzito, apumzike mapema. Na mgonjwa yeyote akiumwa na kifua, akizimia, akitema damu au akivimba miguu, hilo si jambo la mazoezi wala la kulala, apelekwe hospitalini.

Sasa neno kwa jamaa zake. Mama mgonjwa hawezi kufuata kipimo hiki kama hakuna mwingine wa kushika bidoni. Mara nyingi anayemwambia «pumzika» huondoka akiacha maji hayajatekwa, kuni hazijaletwa, na watoto hawajala. Maneno hayo si pumziko. Vijana wa kiume wana mabega. Kuteka maji hakutawapunguzia heshima. Walimu nasi tusimpige mtoto mgonjwa jina la uvivu, wala tusimketishe mwaka mzima pembeni mwa uwanja. Tumpe sehemu anayoiweza, nasi tumtazame kesho yake.

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli, uji apewe bila kuulizwa. Lakini juu ya nguvu zake aulizwe kila siku, na jibu lake lisadikiwe, kwa maana kipimo hicho kimo mwilini mwake, na hakuna mwingine awezaye kukisoma.