Chimba Bustani Sasa, Okoa Macho ya Mtoto

Mwezi wa Septemba huku kwetu Usukuma ardhi ni kavu. Mvua za kwanza huja mwisho wa Oktoba au Novemba. Wengi wetu tumetundika majembe. Tunasema, "Tungoje mvua." Lakini mvua ikinyesha, kila mwenye nguvu atakwenda kwenye mahindi, mpunga na pamba. Siku hizo nani atakumbuka kuchimba tuta la mchicha? Bustani ya nyumbani huchimbwa sasa.

Huenda unajiuliza, mtu wa zahanati ana habari gani na jembe? Sababu ni macho ya watoto.

Mtazame mwanao jua linapozama. Je, anajikwaa kwenye kigoda ambacho mchana alikikwepa? Je, anapapasa kutafuta sahani? Wenzake wanacheza nje, yeye anamshika mama nguo? Usimcheke kuwa ni mwoga. Huenda haoni. Mwili wake umepungukiwa na vitamini A. Asiposaidiwa, macho hukauka. Kisha kidonda huweza kutokea kwenye kioo cha jicho, na mtoto akawa kipofu maisha yake yote. Mtoto mwenye surua yumo katika hatari kubwa zaidi. Mama mjamzito naye huweza kupatwa na hali hii ya kutoona jioni.

Mtoto wa namna hiyo asingoje bustani. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apewe vitamini A. Usimtie machoni maji ya majani, mkojo, wala dawa ya kuazima kwa jirani. Dawa hizo zimewaharibia wengi macho ambayo yangepona.

Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6. Usikose siku hiyo. Lakini kati ya tone moja na jingine kuna siku nyingi za kula ugali, na ugali wa mahindi meupe hauna vitamini A. Inatoka wapi, basi? Inatoka katika mchicha, matembele, majani ya maboga na majani ya kunde. Inatoka katika papai lililoiva, embe bivu, na viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza redio, kisha wakashika majembe. Maarifa yale hayajachakaa.

Chagua mahali karibu na jiko, ili maji ya kuoshea vyombo na mboga yafike bila safari. Pawe mbali na choo. Chimba tuta lenye upana wa hatua moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Urefu hatua tano zinatosha kuanza. Chimba kwenda chini kiasi cha mkono, kutoka vidole hadi kiwiko. Ardhi ngumu inataka sululu. Hapa wazee wangu mnisamehe, lakini kazi hii asiachiwe mama peke yake. Yeye tayari ana maji, kuni na mtoto mgongoni. Baba, sululu ni yako.

Changanya udongo huo na madebe mawili ya samadi ya zamani, iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi huunguza miche. Kinyesi cha mtoto kisitupwe bustanini kamwe, kitupwe chooni. Mayai ya minyoo hukaa udongoni muda mrefu, na hurudi mezani pamoja na mboga.

Mpapai unataka shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu uweke upande mmoja. Uchanganye na debe la samadi, kisha urudishe shimoni. Mbegu zipandwe sasa hivi ndani ya makopo yaliyotobolewa chini, kivulini, na zimwagiliwe kidogo kidogo. Kwa hiyo mvua za Novemba zikishika, miche iko tayari. Panda miche mitatu katika shimo moja. Mipapai mingine ni dume, haizai. Ikitoa maua utaitambua, uing'oe, ubakize jike. Katika mashimo yote acha dume mmoja tu. Mpapai ukitunzwa vizuri huweza kukupa matunda kabla ya mwaka na nusu.

Adui mkubwa wa bustani ni mbuzi, na kuku hayuko mbali naye. Zungushia miiba au matete. Wengi hupanda minyaa, ambayo wengine huiita manyara. Ni ua zuri, lakini utomvu wake mweupe ni hatari sana kwa macho. Wakati wa kuikata, watoto wakae mbali. Utomvu ukiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, kisha nenda zahanati.

Mvua ikianza, sia mchicha. Baada ya wiki tatu au nne utachuma. Matembele ni rahisi zaidi, maana unapanda vipande vya mashina tu. Osha mboga kwa maji safi kabla ya kuikata. Usiichemshe mpaka ibadilike rangi, wala usimwage maji yake. Kisamvu ni mbali: hicho kitwangwe na kipikwe sana, kwa kuwa kibichi kina sumu. Tia mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa. Hiyo si anasa, ndugu msomaji. Bila mafuta mwili hauwezi kuichukua vizuri vitamini A iliyo katika mboga. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apondewe mboga hiyo laini, aendelee na ziwa la mama.

Mboga ikizidi, tutakausha kama bibi zetu wanavyokausha majani ya kunde. Ila tusianike juani. Jua kali huharibu vitamini A nyingi. Tandaza majani kwenye ungo au mkeka safi, kivulini penye upepo, ufunike kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi. Yakikauka yahifadhi ndani ya chungu chenye mfuniko, mahali pakavu pasipofika mwanga.