Mnong'ono wa Sindano Wataka Transfoma ya Kiasi Chake

Wapo wengi huku pwani, Mvita hadi Lamu, ambao hawajaziacha santuri zao za taarab. Jioni huzipangusa vumbi, wakaziweka juu ya mashine, na mlio wa udi na fidla ukaijaza sebule. Sasa mmoja wao akanunua kichwa kipya cha sindano, kile cha koili inayotikisika, akatarajia raha. Akapata sauti ya mbali, kama mtu aliye ndani ya kisima. Je, amepunjwa? Hasha!

Kichwa cha kawaida kina sumaku ndogo inayotikiswa na sindano, na koili zimetulia. Hiki kimegeuza mambo: sumaku imetulia, koili ndizo zitikisikazo. Ili ziwe nyepesi, huwa na mizunguko michache ya waya mwembamba. Wepesi huo huiwezesha sindano kufuata kila mwinamo wa mfuo, lakini umeme utokao ni mnong'ono tu. Kichwa cha Denon DL-103, kilichobuniwa Japani miaka ya 1960 pamoja na shirika la utangazaji la NHK, hutoa milivolti 0.3. Cha kawaida hutoa kama 3 hadi 5.

Hapo ndipo transfoma huingia, kati ya mashine ya santuri na tundu la santuri la kawaida kwenye amplifaya. Haitaki betri wala umeme wa ukutani. Ni koili mbili juu ya chuma kimoja: ya kwanza ina mizunguko michache, ya pili mingi. Ikiwa ni ya moja kwa kumi, ile 0.3 huwa karibu 3.

Basi mtu husema: "Mimi nitatwaa ya moja kwa arubaini, ivume zaidi!" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Transfoma haizai nguvu, hubadilishana tu. Ikizidisha volti, hupunguza mkondo. Tundu la amplifaya kwa desturi lina ukinzani wa omu 47,000. Kwa transfoma ya kumi, gawanya kwa 100: kichwa huona omu 470. Kile cha Denon kina omu 40 zake chenyewe, basi hupumua vyema. Kwa ya arubaini, gawanya kwa 1,600: zabaki omu 29. Hapo zaidi ya nusu ya mnong'ono hupotelea ndani ya kichwa, na sauti hukosa uhai. Lakini kichwa cha Ortofon SPU cha Denmark, chenye omu chache mno, huweza kuchukua ya ishirini au thelathini bila taabu.

Transfoma ikivuma, iweke mbali na amplifaya, kisha igeuze polepole mpaka mvumo upungue.

Waimbaji wengi wa santuri hizo wametangulia mbele ya haki. Kilichobaki kwetu ni sauti zao. Usinunue kwa kutamani namba kubwa. Uliza kwanza omu za kichwa chako, kwani mwenye pupa hadiriki kula tamu.