Matumaini Yanahitaji Chombo

Binadamu asiye na ndoto ya kesho hana sababu ya kulima leo. Kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara mnamo 1989, huko Paje na Jambiani, wako waliokidharau. Akina mama ndio walioingia majini kila bamvua, wakafunga mbegu kwenye kamba, na kwa mapato yake wakasomesha watoto na kujenga nyumba. Hiyo ndiyo ndoto tunayoisifu: ndoto yenye jasho.

Leo ndoto hiyo imo mashakani. Bahari imezidi joto, na mwani wa kotoni, wenye bei nzuri zaidi, hufa katika maji mafupi. Katika maji ya kina unaweza kustawi, lakini huko hakufikiki kwa miguu: panatakiwa vyombo, na wengi wa wakulima hawajui kuogelea.

Dini yatukataza kukata tamaa, wala haituruhusu kubweteka. Kwa hiyo tunawanasihi viongozi wetu wasiwahubirie akina mama hawa matumaini matupu. Wawapatie mashua, mafunzo na bei ya haki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wao wameinama miaka mingi. Sasa ni zamu yetu.