Mama Mjamzito Asiachwe Peke Yake



Katika Injili ya Luka, sura ya 1, twasoma habari za Mariamu. Alipojua kwamba atapata mtoto, alifunga safari mpaka milimani, nyumbani kwa jamaa yake Elisabeti, ambaye naye alikuwa na mimba ya miezi sita. Wakakaa pamoja kama miezi mitatu.

Mbona twalitaja jambo hili? Kwa sababu siku hizi mama wengi huwa na mimba wakiwa katikati ya watu, na bado hawana wa kuzungumza naye. Mume yuko kazini mjini, mama mzazi yuko mbali, na jirani huuliza tu, "Utajifungua lini?" Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 1 kati ya 5 hupata matatizo ya akili baada ya kujifungua, hasa ugonjwa wa huzuni.

Yafaa tupambanue. Mama kulialia siku chache baada ya kujifungua ni jambo la kawaida, nalo huisha lenyewe kabla ya majuma mawili. Lakini majuma mawili yakipita naye angali na huzuni, hapati usingizi hata mtoto alalapo, hana hamu ya chakula, ajiona hafai, basi apelekwe kliniki. Huo ni ugonjwa, nao hutibika. Si uvivu, si kulogwa, wala si upungufu wa imani. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tena, mara nyingi huzuni hii huanza wakati wa mimba. Kwa hiyo tusingojee mtoto azaliwe. Mume na aende na mkewe kliniki. Nanyi akina mama wa kanisa, mwendapo kumwona mtoto, mmoja wenu na amwulize mama, "Wewe mwenyewe u hali gani?" Kisha amsikilize mpaka amalize, ndipo aombe naye. Mwingine achote maji na kufua nepi, ili mama apate kulala.

Ndugu, ni nani katika kanisa lenu aliye na mimba leo? Mtembeleeni juma hili. Mungu awabariki.